Mbegu Niliyoinywa kwa Shukrani

Namshukuru Mungu, anayetuvumilia hata tunapojiona wajuzi.

Mimi ni mtafiti wa mbegu za ulezi hapa Sumbawanga. Serikali ilipopunguza wafanyakazi, nilibaki nikifanya kazi ya watu watatu.

"Mzee, pumzika. Na mifuko ya mbegu uiandike majina," karani aliniasa.

"Mbegu zangu nazijua kama rozari yangu," nilimjibu.

Jioni moja nilifika nyumbani Kizwite nimechoka. Nikauweka mlangoni pa jiko mfuko wa mbegu niliyoichagua kwa misimu mitatu, nikalala bila kusema neno. Kwetu Ufipa, ulezi ukiletwa jikoni wakati mgeni anatarajiwa, mama wa nyumba haulizi.

Siku ya nne mkuu wangu wa kazi, mgeni tuliyemtarajia, alikuja kuichukua mbegu. Mke wangu akatukaribisha togwa. Nikaibariki, nikanywa vikombe viwili.

"Mama Monika, ulezi mtamu hivi umeutoa wapi?" nilimuuliza.

"Baba nawe! Si ule uliouleta mwenyewe?"

Mkuu alikitazama kikombe chake, kisha akanitazama mimi.

"Basi mzee, tunywe taratibu. Hii ni misimu mitatu."

Nawe msomaji, Mungu akujalie usingizi wa kutosha, na kalamu iwe karibu.