Nilivyowinda mlio kwenye tepu ya baba, Homa Bay miaka ya sitini

Wakuu, habari za huko mliko.

Wiki nzima naona vijana wa humu wakilalamikia background noise kwenye recording zao za nyumbani. Mmoja anasumbuliwa na feni, mwingine na mbwa wa jirani. Nilisoma nikicheka, halafu kicheko kikaisha.

Mimi ni fundi wa redio mstaafu. Umri umepita themanini na naandika kwa kidole kimoja, kwa hivyo mnivumilie. Haya yalinipata mwenyewe. Sina sababu ya kutia chumvi jambo linaloniaibisha.

Ilikuwa miaka michache baada ya Uhuru. Nilikuwa na kibanda changu cha kutengeneza redio pale Migori. Redio ikikwaruza, watu walisema, "Peleka kwa Otieno." Sifa hiyo ilinipanda kichwani.

Kwetu ni upande wa Homa Bay. Baba alikuwa anaugua kifua, na ndugu yangu mkubwa, Owino, alikuwa ng'ambo akisoma. Waliachana vibaya. Baba alitaka abaki nyumbani, yeye akauza ng'ombe wawili wa mzee bila ruhusa, akaenda zake.

Baba akatamka mbele ya wazee kwamba hatamwonyesha Owino mahali pa kujenga.

Kwa wasiotoka kwetu: Mluo hajengi boma lake hivi hivi, baba ndiye humwonyesha mahali. Ukinyimwa hilo, umeambiwa huna kwenu.

Owino aliandika barua nyingi za kuomba msamaha. Nilimsomea baba zote, na hakujibu hata moja. Yeye hakujua kuandika, na nilipojitolea kumwandikia alikataa.

"Maneno ya kusamehe hayapiti kwa mkono wa mtu mwingine," alisema. "Atayasikia kwa mdomo wangu."

Lakini kifua kilikuwa kinamlemea, na Owino alikuwa mbali.

Ndipo nikamtengenezea padre mmoja mashine yake ya kurekodi, zile za tepu, za kutumia betri. Nikamwomba aniazime wiki mbili. Alinipa na tepu moja fupi, ya dakika tano kila upande. Upande mmoja ulikuwa na nyimbo za kwaya yake, akanionya nisiuguse. Upande wa pili ulikuwa mtupu, akaniruhusu niutumie na tepu niitume kwa posta.

Jumapili baada ya misa nikaweka mashine mezani kwa baba, na mic kando yake. Baba akasema kama dakika nne hivi. Nawaletea kwa Kiswahili:

"Owino, wuoda, mwanangu. Ng'ombe nilishawasahau. Utajenga pale juu ya kisima, ulipokuwa ukichunga mbuzi. Mimi baba yako nimekuonyesha. Rudi nyumbani."

Yalikuwa mengi kuliko hayo, lakini hayo ndiyo nayakumbuka neno kwa neno. Nililia, na sioni haya kusema.

Jumatatu nikaisikiliza tena. Chini ya sauti ya baba kulikuwa na mlio, vuuuu, hauishi.

Wakuu, maneno yalisikika yote. Mtu mwingine yeyote angeifunga akaipeleka posta siku hiyo hiyo. Lakini mimi, Fundi Otieno mwenyewe, nitume ng'ambo tepu inayonguruma? Wazungu wa huko wangesemaje?

Nikamwambia baba arudie. Alinitazama sana.

"Mtu husamehe mara moja," akasema. "Kurudia ni kama kukariri somo."

Nilimsihi mpaka akachoka. "Haya, maliza kwanza kuwinda kelele zako, kisha uniite."

Sasa, kuwinda kelele kuna njia yake, na hata leo ni hiyo hiyo: unarekodi kimya. Unaacha tepu izunguke bila mtu kusema, halafu unasikiliza kilichobaki. Nilimwomba baba akae pale pale kwenye kiti chake, maana chumba kikiwa na mtu hakilii kama kikiwa kitupu.

Na tepu ilikuwa ile moja. Kila jaribio nililianzia mwanzo kabisa, dakika tano, juu ya maneno yake. Nilijiambia si kitu, yuko hapa, atayasema tena.

Jaribio la kwanza nikasikia mabati yakilia kwa joto la jua. Tukahamia nyumba ya nyasi ya marehemu mama. La pili, kuku alikuwa ameatamia chini ya kitanda. Nikamtoa, akanidonoa vizuri tu.

La tatu, nikashuku kinu cha posho ng'ambo ya bonde. Nikaenda kumwomba mwenyewe azime kidogo. Alikuwa Mkisii mcheshi.

"Fundi, nizime mashine watu wakose unga, juu mzee wako anataka kunyamaza?"

Alizima hata hivyo, dakika kumi. Mlio ukabaki vile vile.

Ijumaa ndipo nikagundua. Mashine na mic vilikuwa meza moja. Mota ya mashine ilikuwa inatikisa meza, na meza inatikisa mic. Kelele ilikuwa yangu tangu siku ya kwanza.

Nikaiweka mic juu ya gunia la mtama, mbali na meza. Nikamwomba baba akae kimya mara ya mwisho. Ilitoka safi kabisa. Nilifurahi kama mjinga.

"Jumapili basi, baba."

"Jumapili," akaitikia.

Jumamosi asubuhi alizidiwa. Tulimfikisha hospitali Homa Bay akiwa hawezi kusema, na Jumatatu akafariki.

Owino alirudi baada ya miaka miwili. Nilimweleza yote, kisima, mbuzi, ng'ombe, hata nilivyoyafuta maneno. Alinisikiliza kwa adabu.

"Wewe ni ndugu mwema, Otieno," akasema. "Unanihurumia. Niwekee hiyo tepu."

Nikaazima mashine, nikamwekea. Tuliketi dakika tano nzima tukisikiliza baba akipumua. Ilipokatika, Owino akainuka, akapangusa suruali.

"Hata kwa mashine alikataa kuongea na mimi."

Hakujenga juu ya kisima. Alinunua ploti Migori, na huko ndiko alikozikwa. Nilishika jembe kwenye kaburi lake nikijua ni mimi niliyemweka pale.

Funzo langu ni fupi. Rekodi ya kwanza usiifute, hata kama inanguruma. Na mic isikae meza moja na mashine.

Sasa nina swali. Mtoto wa Owino ana studio ndogo Nairobi. Amesikia kuna tepu ya babu yake, anaitaka, anasema ana software ya kutoa kelele zote hadi sauti ya mzee ibaki peke yake. Anakuja Jumamosi.

Nyinyi wenye ujuzi wa siku hizi, niambieni nimweleze vipi kwamba haina kelele yoyote.