Nilivyopata Chumba cha Nangwa kwa Bei ya Msiba

Safari hii ilikuwa na sababu moja tu: nilitaka kuoa. Nimefundisha fizikia Mbulu hadi nikazoea baridi yake na kuingia darasani na sweta mbili bila kuchekwa, lakini kula ugali peke yangu sijawahi kukuzoea. Zainabu, nesi ninayempenda, alishakubali. Kilichobaki ni baba yake, Mzee Shabani, mfanyabiashara wa alizeti wa Katesh, ambaye nilikuwa nimemwona kwenye picha moja tu ya zamani, akiwa na nywele nyingi. Kwetu Tabora mposaji haendi kwenye posa. Anatuma watu wazima, yeye anabaki nyumbani akitafuna kucha. Mzee Shabani alikataa utaratibu huo. Alimwambia binti yake kwamba yeye haozeshi kwa picha ya simu. Mshenga aje, na bwana mwenyewe aje aonekane.

Zainabu alikuwa ameshatangulia nyumbani kwao. Kabla hajaondoka alinionya. "Idi, Baba ana gesti pale Katesh. Lala popote, ila pale usilale. Ukilala kwake kabla hujakubaliwa, wataona umeshajihesabu mkwe."

Nikamwambia malazi aniachie mimi. Siku hizo nilikuwa nimegundua mtandao wa kunadi vyumba, na nilikuwa nimewahubiria walimu wenzangu habari zake mpaka wakawa wanatoka ofisini nikiingia. Mambo yake ni hivi: unaandika mahali unakokwenda, wanakuonyesha vyumba bila majina ya hoteli, unatupa dau lako. Mwenye hoteli anakubali, anakataa, au anakujibu kwa ujumbe. Jina la hoteli unaliona ukishalipa. Jina langu mimi huko lilikuwa Mfalme wa Ofa, na nililichagua mwenyewe.

Mbulu, jioni ya kuamkia safari, nilikaa kwenye mgahawa wa sokoni na kikombe cha chai ya maziwa, nikaingia mnadani. Nikaona chumba kizuri: "Hoteli mpya, mtaa tulivu wa Nangwa, dirisha linatazama Mlima Hanang." Nangwa ni karibu na Katesh lakini si Katesh, kwa hiyo gesti ya mkwe nilikuwa nimeikwepa. Nikatupa dau la nusu bei. Jibu likaja: "Hapana. Karibu siku nyingine." Nikaongeza kidogo kabisa. Jibu: "Ndugu mteja, hata shuka hufuliwa kwa sabuni, na sabuni inanunuliwa." Nikaandika kwamba kwa bei hiyo anipe na mlima wenyewe niondoke nao. Hakunijibu.

Hapo ndipo shetani wa ofa aliponipanda kichwani. Nikaandika: "Tunakuja msibani. Tuna majonzi makubwa. Tusaidie."

Simu ikalia. "Inna lillahi. Poleni sana. Nimekubali." Niliruka pale mgahawani mpaka chai ikamwagika. Nikalipa, jina likajitokeza: Kilele Pazuri. Nilimpigia mshenga wangu, Mwalimu Amsi, nikamtajia bei tu. Huyu ni mwalimu mkuu mstaafu, Mwiraqw wa makamo ya baba yangu, mtu anayeongea taratibu kana kwamba kila neno analipia ushuru. Aliwahi kurudi dukani kwa miguu kwa sababu alizidishiwa pipi moja. Habari ya msiba sikumwambia.

Asubuhi tuliondoka na basi dogo. Dongobesh tukanunua ndizi, tukateremka bondeni hadi Dareda huku Mwalimu Amsi akifanya mazoezi ya hotuba ya posa kwa sauti ya chini, abiria wa jirani wakidhani anasali rozari. Kwenye lami tukapata gari jingine, na mlima ukatokea mbele yetu ukiwa umevaa wingu kichwani. Nilikuwa na furaha ya kijinga. Nilimwambia Mwalimu kwamba nikioa nitamfundisha Zainabu kunadi kila kitu, hata mchele.

Nangwa tulifika jua likielekea mlimani. Kijana wa bodaboda alipolisikia jina la hoteli alikuna kichwa. "Kilele Pazuri? Si ile stoo ya alizeti?"

Ilikuwa stoo kweli. Jengo refu la bati, mlango wa kupitisha lori, na kibao kipya ambacho rangi yake ilikuwa bado inanuka. Lakini kilichonikata maini ni viti. Nje viliwekwa viti vya plastiki kwa mistari, wamama wamekaa na kanga mabegani, kimya. Wote wakasimama tuliposhuka. Mwenye hoteli, mzee mwenye kipara kinachong'aa chini ya kofia, akaja na mikono yote miwili akatushika.

"Shikamoo, Mzee," nikasema.

"Marahaba, mwanangu. Mwenyezi Mungu awape subira."

Mwalimu Amsi akanigeukia. "Subira ya nini?"

"Ya safari," nikamnong'oneza. Nikamvuta chumbani.

Chumba kilikuwa kisafi, na shuka zilikuwa zimefuliwa kwa sabuni. Kwenye kona ilibaki mizani kubwa ya kupimia magunia, na ukikanyaga sakafu unasikia maganda ya alizeti yakilia. Dirisha la kutazama mlima lilikuwa juu kabisa, chini ya bati. Mwalimu Amsi akavua viatu, akapanda kitandani na soksi, akanyoosha shingo. "Upo," akasema, akashuka.

Jirani mmoja, Mama Tluway, akatuletea kuku hai aliyefungwa miguu. "Si kitu kikubwa," akaniambia. "Mtawapikia wafiwa. Na mimi nilifiwa mwaka juzi, najua." Macho yake yalikuwa yamelowa. Nilimpokea kuku nikiona aibu mpaka kwenye nyayo, lakini nilikuwa nimeshaingia ndani ya maji na nguo zote.

Jioni mwenye hoteli akatukaribisha ugali na nyama. Alikula taratibu, kisha akauliza, "Marehemu alikuwa nani wenu?"

"Mjomba," nikasema.

"Aliugua?"

"Ghafla tu."

Mwalimu Amsi aliacha kutafuna. Mzee akatoa bahasha mfukoni, akaniwekea mkononi. "Hela yako ya chumba hiyo. Nimekuwa kwenye biashara tangu kijana, hela ya mfiwa sijawahi kuila. Kesho ningefuatana nanyi nikazike, ila nina wageni nyumbani Katesh. Wanakuja kumposa binti yangu, nesi wa huko Mbulu. Yeye mwenyewe hajui kama hii stoo nimeigeuza hoteli, nataka nimshangaze. Kijana anayemposa ni mwalimu. Nasikia ni mkweli sana."

Tonge likanikwama. Mzee akanipiga mgongoni kwa huruma. "Lia tu, mwanangu. Mjomba ni mzazi."

Chumbani Mwalimu Amsi alifunga mlango. "Nani amekufa?"

"Hakuna, Mwalimu."

"Na mjomba?"

"Yuko Nzega. Anauza baiskeli."

Akakaa juu ya mizani, mshale ukazunguka, naye hakuutazama. Nilimwambia kila kitu, tangu dau la kwanza. Nikashauri nivae miwani ya jua kesho na nibadilishe shati, au tuseme mposaji ameugua. Nilikuwa naogopa kweli. Nilikuwa namwona Zainabu akiambiwa na baba yake kwamba mwalimu wake mkweli humzika mjomba ili apunguziwe kitanda.

"Kesho nitaongea mimi," akasema mwishowe. "Wewe utabeba kuku."

Asubuhi mwenye hoteli alikuwa ameshatangulia Katesh. Mama Tluway akatusindikiza mpaka barabarani, akifuta machozi kwa ncha ya kanga.

Katesh nyumba ya Mzee Shabani ilikuwa inanukia pilau tangu njiani. Wajomba na baba wadogo walikuwa wamejaa mkekani. Mzee mwenyewe akafungua mlango, akatuona, uso ukajaa huruma. "Jamani, mmepotea njia? Msiba uko upande gani, niwatolee mtu awapeleke?" Kisha akashusha macho. "Na huyu si kuku wa Mama Tluway?"

Kuku akalia. Nyuma ya pazia nikasikia sauti ninayoijua. "Idi?"

Mzee alimtazama binti yake pale pazia lilipofunguka, akanitazama mimi, akamtazama kuku, kama mtu anayejumlisha hesabu isiyompendeza. Mwalimu Amsi akavua kofia.

"Mzee mwenzangu," akaanza, "nilipanga maneno ya posa wiki nzima, na ni mazuri. Nayaweka kando kwanza. Kijana huyu ndiye mposaji. Na ndiye aliyekudanganya kwamba amefiwa, ili umpunguzie chumba. Mimi nimejua jana mezani kwako, na jana hiyohiyo sikukwambia. Hilo ni langu."

Mimi nilikuwa nimepanga kukaa kimya, lakini sikuweza. Nikapiga magoti, nikaiweka bahasha kwenye mkeka. "Nisamehe, Mzee. Nilitaka ofa tu. Sikujua ni wewe, na hata kama si wewe nisingepaswa."

"Kwa hiyo hakuna aliyekufa?" akauliza.

"Amekufa mmoja," Mwalimu Amsi akajibu kwa upole wake. "Ni ujanja wa kijana huyu. Tumeuzika jana pale Nangwa, na wewe ulikuwepo."

Baba mdogo mmoja akajaribu kukohoa, ikatoka kicheko. Baada yake mkeka mzima ukacheka, isipokuwa Mzee Shabani. "Nikikutajia mahari, utaniambia umefiwa tena?"

"Hapana, Mzee."

Akaitaja. Na mdomo wangu, kwa mazoea tu, ukaanza kufunguka. Mwalimu Amsi akanikanyaga mguu kwa kisigino. "Tumekubali," akasema.

"Mimi bado," Mzee akajibu. "Rudi Nangwa. Kila aliyekaa kwenye vile viti, mpelekee ukweli kwa mdomo wako. Kuku mrudishe. Pilau itakungoja, na ikipoa ni shauri yako."

Nangwa, mara ya pili, nilipita nyumba kwa nyumba. Wengine walinifukuza kwa maneno, wengine waliita majirani wasikie vizuri. Mama Tluway alinisikiliza mpaka mwisho, kuku wake kifuani. Nilidhani atanipiga naye.

"Kwa hiyo mjomba wako ni mzima?"

"Mzima, Mama."

"Mpigie, nimsikie."

Nikampigia mjomba wangu Nzega. Mama Tluway akaichukua simu, akamwuliza kama yupo. Mjomba akasema yupo, yuko dukani, na yeye ni nani? "Mimi nilikulilia jana," akamwambia, akacheka mpaka akakaa chini. Kisha akanifungia mahindi ya kuchoma, akaniambia harusi asipoalikwa atakuja kulia tena, na safari hiyo atalia kwa nguvu.

Katesh nilirudi pilau ikiwa imepoa. Zainabu aliniletea mwenyewe sahani, akaiweka mbele yangu kwa kishindo. Lakini chini ya wali alikuwa ameficha mapaja mawili ya kuku, na mimi nikajua bado ninapendwa.

Njiani kurudi Mbulu Mwalimu Amsi alilala, hotuba yake nzuri ikiwa bado haijatumika. Nilifuta jina la Mfalme wa Ofa, nikaandika Idi. Nilichojifunza ni kwamba bei unaweza kuipata kwa uongo, ila mwenye chumba naye ni mtu, atakupikia ugali na kukuuliza marehemu alikuwa nani wenu.

Tulipokuwa tunapanda kuelekea Dongobesh simu ikalia. Kwenye ule mtandao, mwenye hoteli naye humpa mgeni nyota. Mzee Shabani alikuwa ameandika: "Nyota mbili kati ya tano. Hakuchafua chumba. Alidanganya, akarudi kusema kweli. Tatu zilizobaki nimempa binti yangu azishike, atamrudishia mwenyewe akiona anastahili."

Chini yake ukaingia ujumbe wa Zainabu. "Nimezipokea. Na hizi, Idi, usithubutu kunitupia dau."