Kura Iliyolala Ndani ya Bahasha

Diwani wetu wa Takaungu aliikata minazi ya mama yangu. Alisema barabara itapita pale. Barabara haikupita, palijengwa nyumba yake ya kupangisha. Mama alilia, mimi sikulia. Nilingoja uchaguzi, maana kumpiga ningefungwa, na kumshitaki nisingemweza. Kura tu ndiyo niliyokuwa nayo.

Mwanzoni mwa miaka ya themanini tulikuwa bado hatujaletewa mlolongo, ile kura ya kupanga foleni hadharani nyuma ya mgombea. Tulipiga kura za siri, darasani. Nilifika alfajiri, miongoni mwa wa mwanzo. Lakini kwetu kijana hamtangulii mzee wala mwanamke, basi nikawapisha. Kila nikikaribia mlango hutokea bibi na mkongojo wake, nami nasema, "Pita, bibi." Jua likapanda ningali nyuma, najiona nina adabu kweli.

Nilipoingia, karani alitazama daftari, kisha akanitazama mimi. Jina langu lilikuwa limekwisha kukatwa.

"Wewe umeshapiga," akasema.

"Nimepigia wapi, nami ndio kwanza naingia?"

Nikamgeukia wakala wa diwani, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, aliyefuturu kwetu Ramadhani nzima, anishuhudie. Akasema hanijui vizuri. Hanijui! Hasira zilinipanda hadi macho yakaingia kiza.

Msimamizi wa kituo, mtu wa bara, mpole, aliniuliza jina la baba, la babu, na mtaa wangu. Nikamjibu yote. Akanipa karatasi ya rangi nyingine. Nikatia alama kwa nguvu, karibu niitoboe. Nilipoipeleka sandukuni, akanishika mkono.

"Hii haiingii humo, ndugu. Naandika jina lako nyuma, naiweka kwa bahasha. Haihesabiwi na zingine. Kesi ikienda kortini, jaji ataifungua, aamue mwenye jina ni nani."

"Na kesi isipokwenda?"

"Basi italala."

Ikalala. Mpinzani aliyeshindwa alipewa kibanda sokoni, akasahau habari za korti. Diwani akapita mtaani kwetu kwa ngoma, akatupungia mkono mimi na mama. Nilimwapiza kimoyomoyo, na sijuti.

Hakumaliza kipindi chake. Aliugua ghafla, akafa. Nilikwenda maziarani, wala si kwa huzuni. Kabla hajazikwa, imamu akauliza kama ilivyo ada:

"Mwamshuhudiaje maiti huyu?"

"Mtu mwema," wakaitika.

"Mwenye haki yake na amsamehe."

"Tumemsamehe," wakaitika tena, sauti ya yule wakala ikizipita zote.

"Mimi sikumsamehe," nikasema.

Watu wakaguna. Mzee mmoja akanivuta kanzu. "Sema, mwanangu, maiti yuangoja."

Imamu akaniuliza mara ya pili, kwa upole, akinitazama mimi peke yangu. Nikajibu vilevile, kwa sauti ya kufika safu ya mwisho. Siku ile hakuna aliyeniwahi kujibu kwa jina langu.