Siku Tuliyompigia Bwana Shauri Wimbo wa Mfalme kwa Karatasi

Chekeni mpaka mbavu ziume, mimi sijali, maana hapa mlimani Meru hakuna asiyejua kwamba ni mimi niliyesimama mbele ya boma la Arusha, kaptura imepigwa pasi na soksi ni za kuazima, nikaongoza bendi ya matarumbeta ikatoa kelele ambayo mpaka leo watu wakitaka kunichokoza wananiuliza kama ni kweli ng'ombe wa Olasiti waligoma kukamuliwa jioni ile. Aibu niliipata, tena ya hadharani, na mama mkwe wangu akiwa palepale anaona. Lakini nisikilizeni mpaka mwisho, kwa sababu watu wamezoea kusimulia nusu ya kwanza tu, na mimi nusu hiyo siikani, ila sikubali iwe ndiyo habari yote.

Ulikuwa wakati wa vita kuu ya pili. Wamisionari wetu Wajerumani walikuwa wamekusanywa na kupelekwa tusikokujua, na Serikali ya Mwingereza ilikuwa inapita kila usharika ikiandika mali ya adui, na katika mali ya adui wakaandika meza, baiskeli, misumeno, na matarumbeta yetu. Yetu, nasema. Mchungaji Mjerumani ndiye aliyeyaagiza, sawa, lakini Wameru ndio waliobeba kahawa kichwani msimu baada ya msimu mpaka yakanunuliwa, na sisi ndio tulioyapuliza makaburini alfajiri ya Pasaka, na harusini, na kwenye kila maziko, kiasi kwamba mtu wa kwetu akizikwa bila tarumbeta ndugu zake walijiona kama wamemtupa. Sasa mjini kulikuwa na kapteni mmoja aliyekuwa anaunda bendi ya askari (sisi tulimpachika jina la Bwana Bendi), naye akaomba apewe matarumbeta hayo, eti huko mlimani yanaliwa na kutu bure.

Bwana Shauri, yaani mkuu wa wilaya, hakutaka ugomvi na watu wa kahawa wakati wa vita, kwa hiyo akaamua hivi: siku ya sherehe ya Serikali bendi yetu ishuke bomani ipige mbele ya watu, na kama kweli tunajua kazi, vyombo vibaki kwetu, na kama hatujui, Bwana Bendi avichukue siku hiyohiyo. Mzee Sifaeli, mwenyekiti wa wazee wa kanisa, alituita akatuambia, "Wanangu, pigeni zile za siku zote. Msiende kutafuta makuu." Tukaitikia. Tulichagua nyimbo tatu za kitabu cha kanisa, ambazo tungeweza kuzipiga hata tukiwa tumelala.

Asubuhi tukala loshoro, mahindi yetu ya maziwa mgando, tukapanda lori la Mhindi mwenye duka Usa River, tukafika mjini tunang'aa. Wazungu walikuwa wameketi chini ya turubai kubwa, meza ya chai na keki mbele yao, farasi wa walowezi wamefungwa pembeni, na nyuma ya kamba walikuwa watu wetu, waliotembea toka mlimani kuja kuona vyombo vyao vinaokolewa. Ndipo Bwana Bendi akaja na furushi la karatasi za noti za muziki, mpya kabisa, akamwambia Bwana Shauri kwa Kiswahili (makusudi, ili tusikie), "Hawa wanapuliza kwa kukariri tu, kama kasuku. Karatasi hawajui. Nimeleta wimbo wa Mfalme. Wakiweza kuusoma, mimi nakwenda zangu."

Jamani. Mimi niliyekaa miaka na Mjerumani yule, nikipigwa rula vidoleni kwa kila noti niliyoikosa, niitwe kasuku? Moyo uliniwaka. Bwana Shauri akanigeukia, "Mwalimu, mnasoma?"

"Tunasoma," nikasema.

Neno lenyewe ni hilo moja. Anaeli, mpiga besi wetu, yaani tarumbeta kubwa kuliko yote, mtu mkubwa mpole ambaye hakuwa na desturi ya kunibishia, akaninong'oneza, "Mwalimu, tuombe kidogo tukajaribu nyuma ya boma." Ningemsikiliza, leo msingekuwa na cha kucheka. Badala yake nilimjibu kwa sauti ya juu ili kapteni asikie, "Tujaribu nini? Noti ni noti!"

Vibao vya kuwekea karatasi hatukuwa navyo, kwa sababu nyimbo zetu tulikuwa nazo kichwani, kwa hiyo tukatumia ufundi wetu wa siku za mazoezi: kila mtu alibandikwa karatasi mgongoni kwa pini, na aliye nyuma yake akaisoma. Mimi nikashikiwa yangu na askari mmoja wa boma. Nikahesabu, nikainua tarumbeta, tukaanza.

Hapa niwaeleze kilichotokea, ingawa mimi mwenyewe nilikuja kukielewa baada ya vita, nilipoelezwa na mpigaji mmoja wa bendi ya polisi. Mjerumani wetu alitufundisha kwamba noti ni sauti: ikiandikwa mahali fulani kwenye mistari, basi tarumbeta dogo, la kati na kubwa yote yatoe sauti hiyohiyo, na kila mmoja atajua mwenyewe abonyeze wapi. Waingereza hawaendi hivyo. Kwao noti inamwambia mpigaji abonyeze wapi, na kila aina ya tarumbeta ina karatasi yake, iliyosogezwa juu au chini kwa kipimo chake, ili wakibonyeza kama walivyoandikiwa sauti zikutane. Sisi tulizisoma karatasi za Kiingereza kwa macho ya Kijerumani, basi matarumbeta madogo yakaenda kwao, ya kati yakaenda kwao, na lile refu linalopigwa kwa kuvuta bomba likabaki peke yake mahali pa tatu linalia. Kila mmoja wetu alikuwa sahihi, na hilo ndilo lililotumaliza, maana mtu aliyekosea hunyamaza, lakini aliye sahihi huongeza sauti.

Mimi niliongeza. Nilisikia wenzangu wamepotea, nikapuliza kwa nguvu ili wanifuate, nao walisikia mimi nimepotea, wakapuliza kwa nguvu ili niwafuate. Wa nyuma wakaanza kugeuka kutazamana, na kila aliyegeuka aligeuka na karatasi iliyokuwa mgongoni mwake, kwa hiyo anayeisoma naye akazunguka kuifuata, na katikati ya wimbo bendi nzima ilikuwa inazungukana mithili ya kuku waliokanyagwa mkia. (Najua kuku hana mkia wa kukanyagwa, lakini hamkuwepo.) Na kuacha hatukuweza, kwa sababu sheria ya kwanza ya Mjerumani ilikuwa kwamba wimbo ukianza humalizwa hata paa likianguka.

Sasa mjue kwamba wimbo wa Mfalme ukipigwa, mwenye kofia aivue, aliyeketi asimame, na mtu asitikisike mpaka uishe. Bwana Shauri aliutambua katikati ya kelele, maskini, kwa sababu matarumbeta madogo yalikuwa yanapiga tuni yenyewe, akasimama akavua kofia. Wazungu wengine hawakuutambua. Mama mmoja aliinuka nusu, akaketi, akamtazama Bwana Shauri, akainuka tena na kikombe mkononi. Mbwa wakaanza kubweka. Farasi mmoja akashtuka, akakata kamba, akapita kwenye kamba za turubai akazing'oa, na turubai likaanza kushuka polepole juu ya meza ya chai, na wote wakaliona linashuka, na hakuna aliyethubutu kunyoosha mkono kwa kuwa Mfalme alikuwa anaimbiwa. Likaifunika keki. Halafu tukafika mwisho wa karatasi, na mwisho wa karatasi palikuwa na nukta mbili za kurudia.

Tukarudia.

Tulipomaliza Bwana Bendi akacheka mpaka akashika magoti, na nyuma ya kamba watu wetu wakacheka pia, wengine kwa aibu, wengine kwa sababu kweli ilichekesha, na mama mkwe wangu akajifunika khanga uso mzima. Mimi nilitamani ardhi inimeze, na midomo yangu ilikuwa imevimba. Bwana Shauri alikuwa mwekundu kama tofali. Akasema maneno matatu tu: "Wekeni vyombo chini."

Kicheko cha watu wetu kikakatika papo hapo. Niliwatazama, na nikaona wale waliokuwa wanacheka sasa wanatazama matarumbeta, si mimi. Kulikuwa na mama mmoja mjane, tulimzikia mumewe wiki chache nyuma, naye alikuwa ameshika kamba kwa mikono miwili. Bwana Bendi akaja kwa Anaeli akaweka mkono juu ya besi, akaipapasa kama mtu anayenunua ndama mnadani. Nawaambieni kweli, aibu yote iliniisha, nikabaki na hasira tupu. Nimefanya upuuzi, ndiyo, kwa mdomo wangu mwenyewe, lakini upuuzi wangu haukuifanya ile kahawa iwe ya kapteni.

Nikageuka nikawaambia wenzangu kwa Kimeru, taratibu, "Ng'oeni karatasi. Tunapiga uleule, kwa kichwa. Tukianza tunatembea, na mtu asiache mpaka nimwambie."

Anaeli akanitazama, akaelewa kabla ya wengine, akacheka kidogo. Kisha akaiondoa besi chini ya mkono wa kapteni, kwa adabu kabisa.

Wimbo wenyewe tuliujua, nani asiyeujua, tulikuwa tunauimba shuleni kila Mzungu alipokuja. Tukaupiga kwa sauti zetu nne za kanisani, pole pole, umepangika, na nasema bila kujisifu (haya, kwa kujisifu) kwamba boma lile halijawahi kuusikia umepigwa vizuri namna ile. Bwana Shauri alikuwa ndio kwanza amevaa kofia. Akaivua. Bwana Bendi mkono ukaruka wenyewe kwenye paji la uso, askari wake ni hivyo hivyo, na Wazungu wote wakasimama wima kando ya turubai lao, na sisi, tukiwa tumempa Mfalme heshima zote, tukageuka kushoto tukashika njia ya Moshi.

Tulipofika mwisho wa wimbo tukaanza upya bila kuvuta pumzi. Mara ya tatu nilitazama nyuma, nikamwona Bwana Shauri amesimama palepale juani, kofia kifuani, ametutolea macho, na watu wetu wote wanapita chini ya kamba wanatufuata, wengine wanaimba. Midomo ilikuwa inawaka moto. Tulipokezana, huyu anapuliza, huyu anameza mate, ila Anaeli hakupokezana na mtu, kwa sababu besi ilikuwa moja. Tukavuka daraja la Themi tukipiga, tukapita mikaratusi tukipiga, na tulipoingia kwenye kona ambako hata kofia zao hazikuonekana, nikasema, "Basi." Anaeli akakaa chini barabarani na besi mapajani, damu inamtoka mdomoni, anacheka kama amelewa.

Mlimani hawakunipokea kwa vigelegele kama mnavyodhani. Mzee Sifaeli na wazee wenzake waliniweka benchi la nyuma, nisiongoze bendi mpaka watakapoona vema, kwa kosa la kiburi mbele ya watawala. Sikubisha kuhusu kiburi. Nililobisha ni hili, kwamba waliponiadhibu matarumbeta yalikuwa yametundikwa ukutani nyuma ya vichwa vyao.

Jumapili moja, ibada inaendelea, gari likasimama nje, akaingia Bwana Shauri peke yake. Anaeli akaikumbatia besi. Bwana Shauri alitembea mpaka katikati akauliza, "Yule mwalimu yuko wapi?" Nikasimama huko nyuma.

"Wimbo wa Mfalme," akasema, "msiupige tena. Umesikia? Hata siku moja."

"Nimesikia, bwana. Na vyombo?"

Nadhani alikuwa anafikiria angewaandikiaje wakubwa wake jinsi vyombo vilivyoondoka mbele ya macho yake.

"Vyombo gani?" akasema, akavaa kofia akatoka.

Kwa hiyo chekeni. Mimi nimekwisha kuapa kwamba sitasema tena "tunasoma" kabla sijaisikia karatasi ikilia. Na wimbo ule, tangu siku ile mpaka bendera yao iliposhushwa, bendi yetu haikuupiga tena, na hiyo ndiyo amri pekee ya Serikali ya Mwingereza niliyoitii kwa moyo wangu wote.