Usafi wa Mama Povu

Mama Povu alikuwa dobi, na jina hilo alipewa na wateja wake. Shati likipita kwenye makarai yake lilirudi jeupe kiasi kwamba mwenyewe alisita kulivaa. Huyu ndiye mtu ambaye hata maji ya kunawa angeyaosha kwanza, kama yangeosheka. Akienda kwa wifi yake, mke wa mdogo wake, alipokea kikombe cha chai kwa heshima zote, kisha akakifuta ukingo kwa kitambaa chake mwenyewe kabla ya kunywa. Wifi alikuwa akiona na kunyamaza.

Tumbo nalo Mama Povu alilihesabu kama nguo. Likinguruma kidogo tu, anameza vidonge vya rangi mbili, vile vya kuua bakteria, kutoka duka la dawa la jirani, viwili vitatu, na vinavyobaki anavitunza kabatini. Vijidudu ni uchafu, alisema, na uchafu dawa yake ni kuuondoa.

Basi mdogo wake huyo, fundi baiskeli ambaye Mama Povu ndiye aliyemlea tangu mama yao afariki, alichomwa na waya mguuni. Kidonda kikaoza, akapewa dawa kali za kuua bakteria. Mguu ukapona, tumbo likachafuka. Akaanza kuharisha mpaka suruali zikawa zinamvuka. Hospitali wakamtibu, akapata nafuu, ugonjwa ukarudi. Wakamtibu tena, ukarudi tena, na mara hii ulimlaza kitandani midomo imekauka, macho yamezama.

Daktari, mwanamke kijana asiyependa kuzunguka mbuyu, aliwakalisha dada mtu na mke mtu chumbani kwake. Akawaeleza kuwa utumbo wa mtu mzima ni kama shamba. Umejaa bakteria wasiohesabika, na wengi wao ni wema: wanasaidia kusaga chakula na kuwabana wabaya wasipate nafasi. Zile dawa za mguu zilifyeka shamba zima, na gugu moja sugu likabaki likatanda. Dawa peke yake haiwezi kulimaliza. Kinachotakiwa ni kupanda upya, yaani kuchukua choo cha mtu mwenye afya, kukichuja, na kukiingiza katika utumbo wa mgonjwa. Ikishindikana, itabidi akatwe utumbo mpana, na kwa jinsi alivyodhoofika, daktari hakuwa na uhakika kama angeamka baada ya upasuaji.

Mama Povu alidhani amesikia vibaya. Aliposikia vizuri ndipo alipozidi kuogopa.

Wifi alisema atatoa yeye. Mama Povu akaruka. Damu ni nzito kuliko maji, alisema, na mdogo wake hataingiziwa kitu kutoka jiko la watu wasiosuuza vikombe. Maneno hayo aliyasema hivyo hivyo, mbele ya daktari, na hakuona haya. Daktari akawapima wote wawili, damu na choo, kwa kuwa hakupenda kutegemea mtu mmoja. Wote wakaonekana wazima. Akamteua dada mtu, kwa kuwa ndiye aliyeng'ang'ania, akamwonya asimeze dawa yoyote mpaka siku ya kazi.

Alielewa. Lakini jioni ya kuamkia siku hiyo, alipokiangalia chombo cheupe alichopewa hospitali cha kuwekea choo, aibu ilimshika. Yeye, Mama Povu, ampelekee mdogo wake uchafu? Akasimama mbele ya kabati. Dawa aliyokatazwa, alijiambia, ni dawa ya ugonjwa, na yeye haumwi. Hivi ni vya kusafishia tu. Akameza vitatu, na kwa kuwa mgonjwa alikuwa mpendwa, akaongeza cha nne.

Asubuhi alifika hospitali na chombo kimefungwa kwenye taulo lililopigwa pasi. Muuguzi akakipokea, akamuuliza, kama kawaida yao, iwapo tangu apimwe amemeza dawa yoyote.

"Hapana," akasema Mama Povu.

Muuguzi akaingia ndani na chombo, mlango ukajifunga. Mama Povu akabaki kwenye benchi na wifi yake. Yale maneno ya shamba yalimrudia, na safari hii yaligeuka kuwa picha: anamwona mdogo wake shambani, na yeye dada mtu anampelekea mbegu alizozichemsha. Akisema, ataaibika mbele ya wifi maisha yake yote. Asiposema, atamzika mtoto aliyembeba mgongoni. Mficha uchi hazai, walisema wahenga, na yeye alikuwa ameuficha wake kwa sabuni.

Aliinuka akausukuma ule mlango bila kubisha. Daktari alikuwa anavaa glavu.

"Nimemeza rangi mbili," akasema. "Jana. Nilitaka kiwe kisafi. Usimtilie, daktari, nakuomba."

Daktari hakumkaripia, na hilo lilimuuma kuliko kukaripiwa. Alikiweka kile chombo pembeni, akapita mlangoni, akamuuliza wifi kama amemeza chochote. Wifi hakuwa amemeza chochote. Akapewa chombo kingine, akaenda zake bila kumtazama Mama Povu.

Siku zilizofuata zilikuwa za kuvizia kila sauti ya choo cha wodini. Kwanza safari za mgonjwa zikapungua. Kisha akalala usiku kucha. Kisha akaomba chakula, akalalamika hakina chumvi, na mke wake akalia kwa sababu ya chumvi hiyo.

Mgonjwa aliporudi nyumbani, Mama Povu alikwenda kumwona. Fundi baiskeli alikuwa amekaa barazani, mwembamba lakini mzima, akimtania mkewe kwamba sasa hawezi kumwacha hata akitaka, maana amembeba tumboni. Wifi akaleta chai. Mama Povu akakipokea kikombe, akanywa.

"Leo hujafuta, wifi," akasema mwenzake polepole.

Mama Povu alikuwa na kitambaa mkononi. Akajifutia macho.

"Nilifuta mpaka nikakaribia kumfuta na mdogo wangu," akasema. "Niongezee chai."