Dua za Bi Shariffa na Mtihani wa Mvinyo

Miezi miwili Nasriya hakutulia. Akikaa anainuka, akiinuka anakumbuka alichosahau kusoma, na hata akiendesha gari kutoka Al Khoudh kwenda kazini midomo ilimcheza peke yake: Rioja, mto Ebro, zabibu za tempranillo, Ribera del Duero, uwanda wa juu, mchana jua kali na usiku baridi ya kutetemesha. Mwenye gari la pembeni angedhani anavuta uradi.

Alikuwa mkufunzi wa wahudumu katika hoteli moja ya pwani hapa Maskati. Kazi yenyewe haikuwa na makuu: kuwafundisha waliotoka Mombasa, Manila na Kerala namna ya kubeba sahani na kumtazama mgeni bila ya kumkodolea macho. Kisha hoteli ikaamua kufungua mkahawa wa Kihispania, ikatafuta mkufunzi mkuu, na sharti likawa moja tu: awe amefaulu mtihani wa mvinyo wa Uhispania. Nasriya, aliyelelewa katika nyumba ambayo hata chupa ya siki husomwa mara mbili, isije ikawa na kileo, kabla haijaingia jikoni, akaandikisha jina lake.

Alipatana na mwalimu, Mhispania mwembamba mwenye subira, kwamba yeye hatatia tone mdomoni. Wenziwe wangeonja na kutema; yeye angeangalia rangi na kunusa. Mwalimu alikubali shingo upande, lakini baada ya wiki mbili alikuwa akimpa yeye glasi ya kwanza. Pua ile ilikulia kwenye nyumba ya udi, ikajifunza kutenga harufu moja na nyingine kabla mwenyewe hajajua kusoma.

Alichokipenda zaidi, na hili lilimtisha, ni ardhi. Alijifunza kwamba kule Galicia, kaskazini magharibi, mvua hainyamazi, kwa hiyo mizabibu huinuliwa juu ya nguzo za mawe ili upepo upite chini na zabibu zisioze. Priorat ni milima ya mawe meusi yanayobanduka vipande, na mizizi hushuka ndani kabisa ikitafuta maji. Na Jerez, mji ambao Waarabu waliuita Sharish, una udongo mweupe kama chokaa unaofyonza mvua ya kipupwe na kuitunza mpaka kiangazi. Huko mvinyo mpya humiminwa juu ya wa zamani, pipa halikaushwi hata siku moja, kama mtindi unaogandishwa kwa mtindi wa jana. Alisoma haya kwa hamu, akafunga kitabu kwa hofu, akakifungua tena.

Nyumbani alimwambia mama yake kwamba ana mtihani wa kazini, jiografia ya Uhispania. Uongo haukuwa, na kweli haikuwa. Bi Shariffa hakuuliza zaidi. Tangu binti yake alipokuwa darasa la kwanza, kazi yake yeye ilikuwa kumwombea dua. Kila alfajiri Nasriya alimsikia chumba cha pili akimwomba Mungu amfaulishe mwanawe. Alizitaka dua zile. Alijua vilevile kwamba anaziiba.

Siku ya mtihani alioga, akavaa abaya aliyoitundika mlangoni, akambusu mama yake mkono, akatoka mbio. Mwalimu alikuwa ameshawaambia: siku hiyo asipake mtu manukato. Nasriya hakupaka kitu. Lakini alipoingia tu ukumbini wenziwe waligeuka, na mwalimu akaweka glasi chini. Bi Shariffa alikuwa ameifukiza ile abaya wakati binti yake yuko bafuni, kama anavyofukizwa mtu anayekwenda kwenye jambo kubwa, na Nasriya, aliyezaliwa ndani ya harufu ile, hakuisikia. Ukumbi mzima ukanuka udi. Mwalimu alimwambia kwa upole kwamba hapo hakuna atakayenusa mvinyo. Aende akabadilishe, atampa mtihani wake saa nane mchana.

Angeweza kununua abaya dukani na kuoga hotelini. Ndivyo alivyokusudia, na aliegesha gari mbele ya duka, mtaa wa Khuwair ya Kusini, mkono uko kwenye kitasa. Hakushuka. Ule udi nao ulikuwa dua, na huu sasa aende akauoshe kwa siri? Alijiona mdogo, mwizi hasa. Akawasha gari, akashika njia ya nyumbani, Al Khoudh.

Bi Shariffa alimpokea mlangoni, akauliza kama amefeli.

"Sijaufanya, Mama. Nna neno nataka kukwambia."

Akamwambia lote, kuanzia mkahawa mpaka glasi. Mama yake alikaa kitako taratibu.

"Unakunywa?"

"Sinywi, Mama. Wallahi halijanigusa ulimi hata tone. Nnanusa tu."

Bi Shariffa alitazama mikono yake mwenyewe. "Mie miezi miwili nnaamka nnamwomba Mungu. Nlikuwa nnamwomba nini, Nasriya?"

Nasriya alikaa chini mbele yake.

"Ungenambia, ningekukatalia," alisema mama yake. "Lakini ningejua nnaomba nini." Kisha akainuka. "Abaya ya kwenye kamba haijafukizwa. Nenda kakoge. Mtihani wako ushausomea, kaufanye. Lakini mie sikuombei."

Kwa mara ya kwanza maishani Nasriya aliingia kwenye mtihani bila ya dua ya mtu. Glasi zilikuwa tano. Alizitambua zote, na kwa glasi ya Jerez aliandika kurasa mbili za udongo na mapipa mpaka mwalimu akamwambia basi, inatosha. Alifaulu kuliko wote. Mwalimu aliweka mkono kifuani kumpongeza, na kazi ikawa yake. Alishukuru, akaanza kutafuta ufunguo wa gari ulioko mkononi mwake.

Alifika nyumbani magharibi inaadhiniwa. Mama yake alikuwa ameshatandika mswala. Waliswali pamoja, Nasriya nyuma kidogo, na baada ya salamu Bi Shariffa akainua mikono kuwaombea wanawe kwa sauti, mmoja baada ya mmoja, kwa kufuata kuzaliwa. Akamwombea Safwan, watoto wake wapone kifua. Nasriya akaitikia amin. Akamwombea Jumana, mwenye mimba ya miezi minane, ajifungue salama. Nasriya akaitikia amin.

"Na Nasriya," alisema Bi Shariffa. Mikono ikabaki juu. "Na Nasriya. Mungu wangu, Wewe unajua."

Akajipangusa uso, akakunja mswala. Nasriya alibaki amekaa, viganja wazi magotini, hajui aitikie nini.