Maharage ya Msiba

Hapa Mugoma, kila baada ya mavuno, kila nyumba hupeleka debe la maharage kwenye stoo ya kikundi chetu cha kuzikana. Ni ya msiba. Hayaguswi mpaka mtu afe, hata kama watoto wanalala njaa. Mimi ndiye nilikuwa mkali wa sheria hiyo, na mdomo ninao.

Siku moja jirani yangu, mjane ambaye wazazi wake walitoka Burundi, alisimama kikaoni akaomba sehemu ya maharage iuzwe, ipatikane nauli na matibabu ya wanawake wanaopigwa au kubakwa. Nilimrukia. Nikamwambia mambo ya chumbani hayaletwi kikaoni, na anayetaka maharage yetu atangulie kufa kwanza. Watu wakacheka. Yeye hakucheka.

"Dada, kwa hiyo tumsubiri afe ndipo tumsaidie?"

Tukapiga kura kwa kunyoosha mikono. Nilishindwa kwa mkono mmoja, nikanuna msimu mzima.

Masika yalipoanza, asubuhi moja binti yangu alitokea kwenye migomba. Alikuwa ametembea kwa miguu kutoka kwa mumewe, kijiji cha Ntobeye, mkono umening'inia, shingoni alama za vidole. Sauti ilikuwa inakwama.

"Mama, usiniambie nirudi."

Maneno hayo yaliniuma kuliko ule mkono. Alikuwa ananijua.

Ndani sikuwa na kitu. Kahawa ilikuwa bado mbichi mtini. Nilikwenda kwa mjane yule huku aibu imenijaa, na hakuniacha nimalize kueleza. Alifungua stoo, maana baada ya kura ile ufunguo alipewa yeye, akamwita mnunuzi, akanikabidhi hela yote mkononi. Bodaboda ikatupeleka hospitali, na fomu ya polisi akaifuata yeye mwenyewe. Daktari alisema koo lilikuwa linavimba kwa ndani. Tungesubiri hadi jioni, binti yangu asingeweza kupumua.

Sasa anaishi kwangu, mkono umepona, na ananigombeza nikichelewa kurudi kutoka shamba. Mjane yule nimemshukuru mpaka amechoka, akiniona kwa mbali anasema, "Dada, imetosha."

Haitoshi. Mavuno haya nimepeleka madebe mawili. Ningeshinda kura ile, maharage yale yangepikwa nyumbani kwangu, kwa sheria yangu mwenyewe, siku ya kumzika.